Salfa Haizai Korosho: Msitu wa Pembeni na Wadudu Wanaochavusha Shamba Lako

Mwaka juzi, mwezi wa tisa, nilisimama kwenye bustani ya matikiti bondeni mwa Mto Lukuledi, upande wa Mtama, mkoani Lindi. Mwenye bustani alikuwa ameshika tikiti lililonenepa upande mmoja na kukonda upande wa pili, kama kibuyu kilichobanwa kikiwa kichanga. "Bwana shamba, safari hii wametuuzia mbegu feki," aliniambia. Nikamwomba kisu. Upande ulionenepa ulikuwa na mbegu nyeusi zilizojaa. Upande uliokonda mbegu zilikuwa nyeupe na tupu, unazibonyeza zinalala kama pumba.

Nikamjibu, "Mzee, mbegu uliyopanda haina kosa. Hili tikiti halikupata wageni wa kutosha asubuhi ile ua lilipofunguka."

Aliniangalia kama mtu anayeona anatapeliwa mara ya pili. Tukapanda mtelemko ulio juu ya bustani. Msimu uliotangulia pale palikuwa na kichaka kizito chenye miti ya kienyeji, vichuguu na magogo yaliyooza. Sasa palikuwa na mabua ya ufuta na visiki vyeusi. Kichaka kilichobaki kilikuwa ng'ambo ya bonde, mwendo wa nusu kilomita hivi. Maji alikuwa nayo, samadi alikuwa nayo, palizi alifanya. Wadudu waliokuwa wakimfanyia kazi bila malipo ndio waliokosa pa kulala.

Twende taratibu. Tikiti, boga na tango vina maua dume na maua jike mbalimbali kwenye mmea uleule. Ua jike utalijua kwa kitunda kidogo kilichokaa chini yake. Ule unga wa manjano wa ua dume, yaani chavua, lazima ufike kwenye ua jike, na anayeufikisha ni mdudu. Ua lenyewe linasubiri siku moja tu. Na si kufika mara moja: ili tikiti lijae pande zote, ua linahitaji kutembelewa tena na tena, kwa sababu kila mbegu inataka chembe yake ya chavua, na nyama ya tunda hukua kufuata mbegu. Palipokosa mbegu, tunda hudumaa. Ndiyo maana ya lile umbo la kibuyu.

Kwa korosho hali inafanana, ila watu wengi hawaioni kwa sababu akili yote iko kwenye salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho. Nimesikia mara nyingi pale Tandahimba na Newala, mkoani Mtwara: "Salfa ndiyo inazaa." Haizai. Salfa inaokoa ua lisiliwe na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, na hiyo ni kazi kubwa, sitaki mtu aache kupulizia kwa sababu yangu. Lakini ua lililookolewa likikosa mdudu linakauka na kudondoka vilevile, tena likiwa safi kabisa.

Chukua shada moja la maua ya mkorosho mwezi wa nane, saa nne asubuhi, ulisogeze karibu na uso. Utasikia harufu tamu kwanza. Kisha utaona maua madogo meupe, mengine yameshageuka kuwa na rangi ya waridi, hayo ni ya zamani. Yako mamia, lakini mengi ni dume. Yale yenye sehemu zote mbili, ya kiume na ya kike, ni machache, na ndiyo pekee yanayoweza kutoa korosho. Chavua ya mkorosho inanata, upepo hauibebi vya kutosha. Tulia dakika kumi ukiangalia. Atakuja nyuki wa asali, watakuja nyuki wadogo weusi wasiouma, wale wanaokufuata machoni ukiwa unatoka jasho, nzi wa rangi ya kijani anayeng'aa, nyigu mwembamba, sisimizi, pengine kipepeo. Kila mmoja ana namna yake ya kuingia kwenye ua. Ukiona aina moja tu katika dakika hizo kumi, hapo ndipo pa kujiuliza.

Mbaazi na ufuta vina nafuu kidogo, vyote vinaweza kujichavusha vyenyewe kwa sehemu kubwa. Lakini simama kwenye mbaazi zilizochanua umwone yule nyuki mkubwa mweusi, anayetoboa kenchi za nyumba na kutukanwa na kila fundi. Anatua kwa uzito wake wote kwenye ua la manjano, petali za chini zinashuka, chavua inamwagika tumboni mwake, anaruka kwenda ua la pili. Nyuki mdogo hana uzito wa kulifungua ua lile hivyo. Ua la ufuta nalo hufunguka alfajiri na jua likishuka limeshadondoka, kwa hiyo anayeamka mapema ndiye anayelipata.

Hiyo ndiyo faida ya kuwa na aina nyingi. Mmoja anaamka mapema, mwingine anangoja jua. Nyuki wa asali akiona wingu na upepo anabaki nyumbani, nzi anaendelea. Na nyuki wetu wa asali wana tabia ya kuhama kabisa maua yakiisha au moto ukipita, leo mzinga umejaa, wiki ijayo mtupu. Kama shamba lako lilikuwa linawategemea wao peke yao, umebaki na maua ya kuangalia.

Sasa msitu unaingiaje hapa? Wadudu hawa wanakula shambani kwa wiki chache tu, mikorosho, ufuta au mbaazi zikichanua. Miezi mingine yote wanakula porini. Mwembe na mkorosho vinachanua kiangazi, mininga na miti ya miombo inafuata karibu na mvua za kwanza, magugu na maua ya porini yanashika masika. Ukiukata mnyororo huo mahali pamoja, mdudu anakufa njaa hata kama shamba lako litachanua mwezi unaofuata.

Halafu kuna suala la kulala, na hapa mtaka cha mvunguni sharti ainame, maana makazi mengi huyaoni ukiwa umesimama. Nyuki wa asali na nyuki wadogo wanataka shimo kwenye mti mkubwa mzee. Baadhi ya nyuki wadogo wanaishi ndani ya kichuguu, bega kwa bega na mchwa. Yule mkubwa mweusi anatoboa mti mkavu uliokufa. Nyuki wengi sana, na hii huwashangaza watu, hawaishi kwenye kundi wala hawana malkia: kila jike anachimba kishimo chake kwenye udongo mtupu ulioshiba jua, au anaingia kwenye bua lenye uwazi, anataga, anafunga, anaondoka. Duniani zimeshatambuliwa aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na nyingi ni za namna hii ya kuishi mmoja mmoja. Kwa hiyo mtu anayesema "nyuki" akimaanisha mzinga tu, amewaacha wengi nje.

Na hawaendi mbali. Nyuki wa asali anaweza kuruka kilomita kadhaa. Nyuki wadogo hutembea mita mia chache kutoka kwenye shimo lao, na wale wadogo zaidi wanaoishi mmoja mmoja pengine hawafiki hata huko. Nusu kilomita ya yule mzee wa Lukuledi kwetu ni mwendo wa dakika kumi. Kwa mdudu wa ukubwa wa punje ya mchele ni safari asiyoianza.

Nitasema jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawapendi kulisema mbele ya wakulima: si kila kuugusa msitu kunapunguza nyuki. Ukitoa miti michache, mwanga ukaingia, magugu yanachanua na nyuki wanaochimba udongo wanapata pa kukaa. Shamba lililopumzishwa miaka miwili mitatu linaweza kuwa na wadudu wengi kuliko msitu uliofunga kabisa. Tatizo ni kwamba wingi unadanganya. Unasikia mlio, unasema mambo ni mazuri, kumbe wote ni aina moja au mbili zinazoweza kuishi popote. Wale wanaohitaji mti mzee wenye shimo, gogo lililokufa au ua fulani la msituni wameshaondoka kimyakimya. Kadiri uharibifu unavyozidi na vichaka vinavyobaki vipande vidogo vilivyo mbalimbali, ndivyo orodha inavyofupika.

Kwa Lindi, kinachofupisha orodha hiyo kwa kasi kuliko vyote, kwa macho yangu, ni ufuta. Sisemi ufuta ni mbaya, umejenga nyumba za bati Ruangwa, Nachingwea na Kilwa, na mnada wake unaleta fedha wakati korosho bado iko mtini. Lakini mkulima wetu anaamini ufuta unataka ardhi bikira. Anafyeka msitu, anachoma, analima misimu miwili au mitatu, magugu yanamshinda, anahamia mbele. Ninamwelewa. Palizi ya ufuta kwenye shamba la zamani inavunja mgongo, na ufuta mchanga hauwezi kushindana na nyasi. Ila njia ya kukaa shamba moja ipo: badilisha ufuta na kunde, choroko, karanga au mbaazi, panda kwa mistari ili jembe lipite haraka, tumia mbegu bora zilizotoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele kama Lindi 2002, palilia mapema, wiki mbili au tatu tangu kuota. Anayepalilia mapema mara mbili hahitaji msitu mpya kila baada ya miaka mitatu.

Moto ni wa pili. Moto wa mwezi wa sita, nyasi zikiwa bado na unyevu, unapita haraka na kuacha mabaka mabaka yasiyoungua. Wa mwezi wa tisa na wa kumi unapanda mpaka kwenye shina, unateketeza magogo, mabua na maua yale yale yaliyokuwa chakula cha kiangazi. Nyuki aliyechimba udongoni anaweza kupona, maana joto haliendi chini sana. Aliyelala kwenye bua au gogo haponi. Moto mwingi tunauwasha wenyewe: mwindaji wa ndezi, mrina asali na mwenge wake, na mwenye shamba aliyesafisha chini ya mikorosho kisha akawasha marundo saa saba mchana akaenda kula.

Mkaa ni wa tatu. Mpasua mbao huuacha mti wenye shimo, kwake hauna faida. Mchoma mkaa hauachi. Mifugo, kuni, mizinga ya magome inayoua mti mzima kwa mzinga mmoja, hayo nayo yapo, kwa kiasi chake. Lakini linaloniuma mimi ni kuukata mti wa miaka mingi ili kupata kikombe kimoja cha asali ya nyuki wadogo. Asali ile ni dawa, najua, na bei yake ni nzuri. Toboa kidogo, chota, acha vifuko vya watoto, kisha ziba kwa udongo. Mwakani utachota tena palepale.

Kabla hujaniamini, jaribu mwenyewe. Kwenye maboga au matikiti, kabla ya saa nne asubuhi, chuma ua dume lililofunguka, lipasue petali, paka unga wake katikati ya maua jike kumi, kila moja ulifunge uzi. Mengine kumi yaache. Yaliyopakwa yakishika vizuri na yaliyoachwa yakigeuka manjano na kudondoka, basi shida yako ni upungufu wa wachavushaji, usiende dukani kununua mbolea nyingine. Kwenye mkorosho, chukua kipande cha chandarua kilichochanika (si kile wanacholalia watoto), funika mashada matano kabla hayajachanua, na matano ya jirani yafungie kitambaa tu cha alama. Hesabu korosho baadaye. Chandarua kitakuwa kimezuia hata mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi na maua, kwa hiyo kama mashada yaliyofunikwa yamezaa kidogo kuliko ya wazi, jibu unalo.

Tukubaliane pia kwamba ushauri wa Liwale hauwezi kuwa wa Newala. Liwale bado kuna miombo mikubwa, na vijiji vinavyouzunguka Msitu wa Angai vina cha kulinda. Juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, ni mikorosho mpaka macho yanachoka. Huko kilichobaki ni vichaka vya kwenye makorongo, makaburi na sehemu za matambiko. Mzee wa Newala akiniambia hana msitu namwambia anayo makaburi ya babu zake, na kichaka kile hakijafyekwa kwa sababu ya heshima. Kwa mdudu, hata robo eka ile ni mji.

Shambani kwako anza na mpaka. Badala ya kufyeka mpaka kwa jirani, acha ukanda wa vichaka na miti, hata hatua tano upana, na kama shamba ni kubwa acha vipande katikati ili mdudu asivuke uwazi mrefu. Kichuguu chenye kichaka juu yake kiache kilivyo, kwanza kukivunja ni kazi ya bure. Mti uliokufa pembeni usiuondoe wote. Acha sehemu ya udongo mtupu usiolimwa, inayopigwa jua la asubuhi. Palizi chini ya mikorosho ifanye, kwa ajili ya usafi na moto, lakini magugu yenye maua kwenye kingo yanaweza kusubiri mpaka mikorosho ichanue. Mikorosho michanga iliyopandwa mita 12 kwa 12 ina nafasi kubwa katikati, weka kunde au mbaazi badala ya kuiacha wazi. Kando ya mto usilime kabisa ndani ya mita 60. Hilo ni katazo la Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na ndiko nyuki wanakokunywa kiangazi.

Kwenye dawa nitakuwa mkali kidogo. Unga wa salfa upulizie alfajiri, hewa ikiwa imetulia na umande bado upo, na uwe umezima mashine kabla nyuki hawajaanza kazi. Viuatilifu vya maji vya kuua mbu na kunguni wa mikorosho ndivyo vinavyoua wachavushaji moja kwa moja. Usipige kwa kalenda. Kagua machipukizi kwanza, ukiona mashambulizi ndipo upige, na upige jioni nyuki wakiwa wamerudi. Kama mikorosho yako ina majimoto, wale sisimizi wanaojenga viota kwa majani mtini, wape nafasi. Wanauma, wanaudhi wakati wa kuokota, lakini wanawafukuza mbu na kunguni hao hao unaotaka kuwanunulia dawa.

Mizinga? Weka, usisite. Asali ni fedha na nyuki wa asali ni mchavushaji mzuri wa korosho. Ninachokataa ni ile hesabu ya "nimeweka mizinga mitatu, sasa naweza kufyeka kichaka." Nyuki wa mizinga mitatu watakula nini mwezi wa kwanza?

Yapo yasiyowezekana na mkulima mmoja. Kuzuia moto wa mwezi wa tisa na mkaa wa usiku ni kazi ya mkutano mkuu wa kijiji, kamati ya maliasili na mpango wa matumizi bora ya ardhi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji nafasi ya kutenga msitu wake wa hifadhi, kuusimamia na kuvuna kwa mpango. Kilwa kuna vijiji vilivyofanya hivyo na kuuza mpingo wao wenyewe, hadi misitu yao ikapata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha msitu unaosimamiwa vizuri, mwaka 2009. Walianza kwa ajili ya mbao. Nyuki walifuata humo humo.

Yule mzee wa Lukuledi hakuweza kuurudisha mtelemko. Aliacha kulima hatua kumi za juu, pakaota vichaka, na akaburuta gogo kavu la mwembe mpaka kwenye kona ya bustani. Nilipopita mwaka jana gogo lilikuwa na matundu saba ya mviringo, kila moja limechongwa laini kama la keekee, na unga wa mbao umemwagika chini. Mama wa nyumba hiyo alikuwa amesimama karibu na panga mkononi, ananiuliza lini bwana shamba ataruhusu lile gogo liende jikoni.